Mto Katuma Hausomwi kwa Msimu Mmoja

Kila Oktoba inapokaribia, picha zilezile hurudi kwenye simu za watu wa Mpanda: viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope, migongo imekauka kwa jua, mamba wamejilaza pembeni. Chini ya picha huanza ubishi. Mmoja huandika kwamba wakulima wa mpunga wameua mto. Mwingine huwatupia lawama wafugaji. Wa tatu husema Katuma umekauka tangu enzi za mababu na mvua zikinyesha utajaa tena, kwa hiyo makelele ya nini. Ubishi huo ndio ulionirudisha kwenye miaka niliyoishi Kashaulili, mjini Mpanda, nilipokuwa na desturi ya kwenda Sitalike, kilomita 35 hivi kusini mwa mji, kutembea kwa miguu na askari wa Hifadhi ya Katavi. Mzunguko wetu ulishuka kandokando ya mto na kurudi kwa juu kupitia msitu wa miombo. Njia ilikuwa ileile, kilichobadilika ni mwezi. Nilichojifunza huko nakitetea hapa kama hoja: wengi wanaoutolea Katuma hukumu wameuona katika msimu mmoja tu, na kwa sababu hiyo hukumu zao, hata zinapokuwa za kweli nusu, haziwezi kuuokoa. Hoja hiyo inazaa dai. Njia za kutembea kando ya mto huu ziwe wazi kwa wenyeji mwaka mzima, na maji yake yagawanywe kwa kalenda ya mwaka mzima.

Tuanze na kiangazi, kwa kuwa ndicho kinachojulikana. Kuanzia Agosti maji ya Katuma huvunjika vipandevipande. Kingo hubaki zimesimama wima, udongo mwekundu na wa kijivu umekatwa kama kwa jembe, na ndani yake yanaonekana mapango ambayo mamba hujichimbia na kukaa humo, wakisubiri mvua bila kujisumbua kabisa. Hapo chini ndipo yalipo madimbwi. Kiboko hawezi kukaa mchana kutwa nje ya maji, kwa kuwa ngozi yake hupoteza unyevu upesi na huungua kwa jua. Hivyo maji yanapopungua, makundi ambayo mwezi wa Machi yalikuwa yametawanyika kilomita nyingi hulazimika kukaa pamoja kwenye kidimbwi kimoja. Madume hupigana. Ndama hukanyagwa. Kambale huchomoza midomo juu ya tope kutafuta hewa, na korongo na mwari husimama wakiwasubiri. Mtalii aliyetoka mbali huona haya na kusema ameona Afrika yenyewe, na ni kweli kwamba mandhari kama hii haipatikani sehemu nyingi duniani. Ila mandhari hiyo ina gharama, na anayelipa ni mto na viumbe wake.

Gharama hiyo ina maelezo ya kisayansi yanayoeleweka bila shida. Kiboko mmoja hula majani kilo 40 hivi kwa usiku, kisha mchana huyarudisha majini kama kinyesi. Maji yanapotiririka, kinyesi hicho ni neema: hulisha wadudu, wadudu hulisha samaki. Yanaposimama, kinyesi huoza na kumaliza oksijeni. Watafiti waliofanya kazi kwenye mto Mara, nchini Kenya, walichapisha mwaka 2018 kwamba mvua za kwanza zinapoyasukuma maji hayo yaliyochacha kutoka kwenye madimbwi ya viboko, samaki wa sehemu za chini hufa kwa kukosa hewa. Pia msongamano huleta maradhi. Kimeta kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, mwaka 2004 na 2005, na mwaka 2017 zaidi ya viboko 100 walikufa katika Hifadhi ya Bwabwata, Namibia. Kwa hiyo picha ya Oktoba ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulianza miezi mingi nyuma, wakati hakuna aliyekuwa akipiga picha.

Ulianza masika. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupata kiasi cha zaidi kidogo ya milimita 900. Wakati huo mzunguko wa Sitalike ni njia nyingine kabisa. Ukingo wa chini haupitiki, udongo mweusi wa mbuga unang'ang'ania buti, nyasi zimempita mtu kimo, na mbung'o wanauma kupitia shati. Mtembeaji hulazimika kubaki juu, kwenye miombo, na kuutazama mto kwa mbali. Na akiutazama kwa mbali ndipo anapoona kitu ambacho kiangazi kinakificha: maji hayapiti tu kwenda zake. Yanatoka mtoni, yanatanda kwenye mbuga za Katavi na Chada, yanakaa. Ramani huziita mbuga hizo maziwa, lakini kwa miezi mingi ni mbuga za nyasi zenye nyati na pundamilia, na kwa miezi michache ni maji matupu. Maji hayo yaliyotanda ndiyo akiba ya kiangazi. Hupenya ardhini, hurudi mtoni polepole, na baki lake huteremka kwa mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Mto usipofurika masika ukazifikia mbuga hizo, hakuna kinachoweza kufanyika mwezi wa Septemba kuyarudisha maji ambayo hayakuwahi kuingia.

Hili ni jambo ambalo mwenye macho ya kiangazi hawezi kulijua. Akiona dimbwi limekauka atatafuta mkosaji wa siku hiyo: ng'ombe waliokunywa jana, mfereji unaovuta maji leo. Wakosaji hao wapo. Lakini msitu uliokatwa kwenye miinuko ya juu, bonde lililolimwa mpaka ukingoni mwa mto, na tuta lililojengwa ili kuinua maji yaingie shambani, athari zake hupimwa Februari kwa maji yaliyofika mbugani na muda yaliokaa. Mwaka 2010 mtafiti Manase Elisa na wenzake walichapisha mapitio kuhusu uhaba wa maji katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Tanzania, wakauweka mfumo wa Katuma na Ziwa Rukwa katikati ya maelezo yao, na wakaonyesha uzito wa matumizi ya maji yasiyodhibitiwa sehemu za juu za mto, nje ya hifadhi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974, na katika miaka ya 1990 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Ukubwa huo wote hauwezi kulinda mto unaoanzia nje ya mipaka yake.

Kati ya masika na kiangazi kuna kipindi ambacho sisi wa Mpanda hatukizungumzii, nacho kwangu ndicho chenye mafunzo mengi zaidi. Ni Mei hadi Julai. Mvua zimekata, asubuhi ni baridi, nyasi zinageuka rangi, na askari wanachoma moto wa mapema ili moto wa Septemba usije ukala msitu. Njia ya kando ya mto inafunguka upya, na mtu anaweza kutembea chini akiona maji bado yanakimbia juu ya mchanga, ya baridi na meupe kiasi cha kuona nyayo za kiboko chini yake. Hakuna kinachotisha wala kinachoshangaza. Ndiyo maana hakuna anayekuja. Lakini mto unapokwenda vibaya, hapa ndipo dalili ya kwanza inapojitokeza: mahali ambapo Juni iliyopita palivukwa kwa kuvua viatu, Juni hii panavukwa kwa viatu vikavu. Mtiririko ukikatika wiki sita tu mapema, kiangazi cha kiboko kinarefuka kwa wiki sita, na hakuna picha itakayoonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa dimbwi la Oktoba linafanana na dimbwi la Oktoba. Anayeijua tofauti ni yule aliyepita mahali palepale, mwezi uleule, mwaka baada ya mwaka. Ujuzi huo hauhitaji shahada. Unahitaji njia iliyo wazi na watu wanaoipita.

Na mwishoni mwa kiangazi, kabla ya tone la kwanza, miombo huchipua. Majani machanga hutoka mekundu na ya rangi ya shaba, msitu mzima ukaonekana kama umeingia msimu wa maua, wakati chini yake udongo umepasuka. Miti hiyo haitabiri mvua kwa uchawi. Mizizi yake inavuta maji yaliyohifadhiwa ardhini tangu masika. Nataja hili kwa kuwa ni ushahidi wa pili wa jambo lilelile: katika nchi hii maji ya msimu mmoja hutumika katika msimu mwingine, na anayekata msitu wa juu wakati wa mvua anagusa maji ya mwezi ambao yeye mwenyewe haufikirii.

Pingamizi la kwanza linasema Katuma ni mto wa msimu, na kukauka ni tabia yake. Kuna ukweli hapo, na watetezi wa mto hukosea wanapoukana. Viumbe wa Katavi wamezoea ukame. Mapango ya mamba ni ushahidi kwamba hali hii si ya jana. Lakini kupungua si sawa na kukatika, na kukatika Septemba si sawa na kukatika Julai. Tazama mto Ruaha Mkuu. Kabla ya miaka ya 1990 ulipita katika Hifadhi ya Ruaha mwaka mzima. Mwaka 1993 mtiririko ulikatika wakati wa kiangazi, na tangu hapo ukaendelea kukatika. Kama watu wangeridhika kusema kwamba mito ya kusini hupungua kiangazi, badiliko hilo lingepita likiitwa desturi. Lilitambuliwa kwa kuwa walikuwepo watu waliokuwa wakiutazama mto kila mwezi. Neno la kusema Katuma umekauka siku zote linaweza kuwa kweli au uongo, na njia pekee ya kulipima ni kumbukumbu ya misimu yote. Anayelitumia neno hilo kufunga mjadala anakataa kipimo ambacho kingeweza kumpa ushindi.

Ruaha inafundisha jambo la pili, chungu zaidi. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao Ihefu, kwenye bonde la Usangu ambalo mto huo hulipitia kabla ya kufika hifadhini, na miaka miwili baadaye eneo la Usangu likaingizwa ndani ya hifadhi. Mtiririko wa kiangazi haukurudi kwa sababu hiyo. Watafiti waliofuatilia mifereji ya Usangu walieleza kwamba mabanio ya kisasa, yaliyojengwa kwa nia njema ya kumsaidia mkulima, yaliwezesha maji mengi kuchukuliwa hata kiangazi, wakati mpunga umeshavunwa na mashamba hayahitaji kiasi kile. Maji yaliingia mferejini kwa sababu lango lilikuwa wazi, yakapotea kwenye mashamba matupu. Kosa lilikuwa kwenye kalenda, na waliohamishwa ni watu. Nani atasema kwa uhakika kwamba sisi wa Katavi hatuelekei huko, ikiwa ubishi wetu wote ni wa kutafuta kundi la kulaumu?

Hapa linaingia pingamizi la mkulima, ambalo ni zito kuliko yote. Mwamkulu na Kakese ni mabonde ya mpunga. Mchele wake unauzwa sokoni Mpanda, na kwa familia nyingi ndio ada ya shule na bati la nyumba. Mkulima ana haki ya kuuliza kwa nini kiboko ahurumiwe kuliko mtoto wake. Jibu langu ni kwamba swali hilo lina nguvu pale tu tunapoutazama mto katika msimu mmoja. Mpunga hupandwa mvua zikiwa zimeshika na kuvunwa zinapokata au muda mfupi baadaye. Katika miezi mpunga unapohitaji maji mengi, mto una maji mengi. Miezi ambayo kiboko anahangaika, shamba la mpunga ni mabua. Mgongano wao wa kweli uko kwenye ukingo wa misimu miwili: banio linalobaki limefungwa baada ya mavuno, tuta la mchanga na viroba lisilobomolewa, bustani za kiangazi zinazolimwa ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikataza. Mambo hayo yanagawanyika. Kibali cha kutumia maji kinaweza kuandikwa kwa miezi, kiasi hiki Januari, kiasi kile Juni, na kuanzia Agosti lango la mfereji lifungwe isipokuwa maji ya kunywa watu na mifugo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka Bodi ya Maji ya Bonde na jumuiya za watumia maji, vyombo vyenye uwezo wa kukaa chini na kupanga hivyo. Ila jumuiya ya aina hiyo haiwezi kukubaliana juu ya mto ambao wajumbe wake wa juu hawajawahi kuuona ukiwa Chada mwezi wa Oktoba, na wajumbe wake wa chini hawajawahi kuuona ukiwa Mwamkulu mwezi wa Februari. Watembezwe. Lisemwe waziwazi hili, kwa kuwa semina ya ukumbini haiwezi kuchukua nafasi yake.

Wapo watakaosema kumtembeza mtu kando ya mto wenye mamba, nyati na tembo masika ni kumtoa kafara. Hatari ipo, na siipunguzi. Kenya imelipia somo hili kwa uhai wa watu: katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwachukua watembeaji mwaka 2012, na tena mwaka 2019. Mvua inaponyesha mbali, kwenye miinuko, maji hufika kwenye korongo wakati jua linawaka juu ya walio chini. Lakini tukio hilo linaunga mkono hoja yangu. Njia ya korongoni ni salama au ni mtego kutegemea mwezi na mvua ya mbali, na anayeijua katika sura zake zote ndiye anayejua siku ya kutoshuka. Kwa Katuma mpango unaofaa ni kuwa na mzunguko unaohama: Mei hadi Julai kando ya maji, Agosti hadi Oktoba juu ya ukingo kwa umbali unaowaachia viboko nafasi ya kutoka na kuingia, na masika kwenye miombo peke yake, kwa vikundi vidogo, na askari mwenye bunduki mbele. Kufunga njia miezi sita kwa sababu njia moja haifai miezi hiyo ni uamuzi wa haraka mno.

Kuna pia hoja ya fedha. Katavi iko mbali, wageni wake ni wachache wakilinganishwa na wa Serengeti, na wanaokuja hutaka kiangazi kwa kuwa wanyama wako pamoja na barabara ni kavu. Kwa nini hifadhi itumie askari na muda kwa miezi isiyoleta pesa? Ningejibu kwamba mapato ya kiangazi yanategemea maji ya masika, kwa hiyo kuyajua maji ya masika ni sehemu ya biashara hiyohiyo. Lakini sitaki kuishia kwenye biashara. Hifadhi yenyewe imepata jina kutokana na Katabi, mwindaji ambaye mzimu wake unasemekana kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wenyeji wamekuwa wakienda hapo na sadaka zao kuomba mvua na heri. Waliokwenda kwenye mkwaju ule walikwenda wakati wa shida na wakati wa neema, na kwa hiyo waliliona ziwa likiwa maji na likiwa nyasi. Mpaka wa hifadhi ulileta ulinzi ambao bila huo pengine hakuna kiboko ambaye angekuwa amebaki wa kubishaniwa. Pia ulipunguza idadi ya macho. Leo kijana wa Kashaulili anaweza kumaliza sekondari akiwa ameuona Katuma kwenye simu tu, tena katika mwezi wake mbaya kuliko yote, huku barabara ya Sumbawanga ikipita katikati ya hifadhi.

Kijana huyo ndiye atakayekuwa diwani, bwana shamba, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji. Shule za Mpanda zinaweza kumpeleka Sitalike mara nne kwa mwaka, Februari, Juni, Agosti na Oktoba, mahali palepale, akaandika kina cha maji kilichosomwa kwenye mti wa kipimo uliosimikwa mtoni na idadi ya viboko walioonekana kutoka darajani. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na kwa safari za wanafunzi kinaweza kuondolewa. Basi la shule linatosha. Daftari hizo zikikusanywa kwa miaka kumi, mkulima wa Kakese akiambiwa afungue banio lake Juni ataweza kudai aonyeshwe namba, na askari wa hifadhi akiambiwa mto umekauka siku zote ataweza kudai vivyo hivyo.